Uzi: Ukitaka kutabiri drafti ya NFL, isome timu kabla ya kumsoma mchezaji

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia Aprili, makundi yetu yanajaa orodha za nani atachukuliwa na nani kwenye drafti ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Nyingi nikizisoma naona zimejengwa juu ya swali moja tu: nani mkali kuliko mwenzake? Leo nabishana na swali lenyewe. Drafti haitoi tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Ni maamuzi ya timu 32, na kila timu ina bosi wake, pengo lake, hesabu zake na hofu zake. Anayezijua ofisi za hizo timu atampiga bao yule aliyekesha akiangalia video za wachezaji, na atampiga mara nyingi.

Kwa mgeni, kwa kifupi. Timu za NFL hazisajili vijana kutoka vyuoni kama klabu za soka zinavyosajili. Kijana akishatimiza miaka 3 tangu amalize sekondari anaweza kuingia drafti. Inafanyika kwa siku 3, raundi 7, na mwaka 2025 nafasi zilikuwa 257. Timu iliyofanya vibaya msimu uliopita inachagua mwanzo, bingwa anachagua mwisho. Utaratibu huu ulianza mwaka 1936 hotelini Philadelphia. Wazo lilikuwa la Bert Bell wa Eagles, aliyechoka kuona timu chache zenye hela zikizoa vijana wote. Aliyechaguliwa wa kwanza kabisa, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya NFL.

Sasa twende kwenye hoja. Aprili 2025, drafti iko Green Bay. Shedeur Sanders, kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa chuo cha Colorado, mtoto wa Deion Sanders, nyota wa zamani wa NFL. Kwa miezi kadhaa wachambuzi walimweka raundi ya kwanza. Mel Kiper Jr., ambaye yuko kwenye drafti za televisheni ya michezo ya ESPN tangu 1984, alimpa nafasi ya 5 kwenye orodha yake ya wachezaji wote. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita, raundi ya pili na ya tatu. Makwotabeki watano wakaitwa kabla yake: Cam Ward wa 1, Jaxson Dart wa 25, Tyler Shough wa 40, Jalen Milroe wa 92, Dillon Gabriel wa 94. Sanders akaja kuitwa Jumamosi, raundi ya 5, nafasi ya 144. Na waliomchukua ni Cleveland Browns, timu ileile iliyokuwa imemchukua Gabriel jana yake.

Siku zilizofuata watu wakabishana kama anastahili au hastahili. Kwa mtabiri, huo ubishi hausaidii kitu. Kila timu ilikuwa na nafasi ya kumchukua mapema na haikumchukua. Kiper alikuwa akijibu "ni mzuri kiasi gani?" Swali la mtabiri ni "nani, mwenye nafasi ipi, yuko tayari kumkabidhi timu?" Ukiuliza hivyo kwa kila timu iliyohitaji kwotabeki mwaka ule, majina yanabaki machache sana.

Nashusha nondo moja moja. Karibuni tujadili.

#2 – Mdau wa Arusha

Siti ya mbele kabisa. Mkuu swali la haraka: ina maana kijana hana kauli? Anapelekwa tu hata kama timu haitaki?

#3 – Mleta uzi

Mdau wa Arusha, kwa kanuni hana. Ila kwa nguvu ya jina lake anaweza kuwa nayo. Mwaka 1983 John Elway alichaguliwa wa kwanza na Baltimore Colts akakataa katakata kuwachezea. Alikuwa na mlango mwingine, besiboli, kwenye mfumo wa Yankees. Wakamuuza Denver. Mwaka 2004 familia ya Manning ikasema wazi kwamba Eli hataki kwenda San Diego. Chargers wakamchagua hivyohivyo, siku hiyohiyo wakambadilisha na New York Giants kwa Philip Rivers pamoja na nafasi nyingine za drafti.

Hao ni wachache, na hawa wawili ni makwotabeki. Kijana wa nafasi nyingine uwanjani mara nyingi hana ubavu huo.

#4 – Mdau aliyeko Minneapolis

Mleta uzi, niko huku mwaka wa ngapi sijui nafuatilia hii ligi, nikubali nusu na nikatae nusu. Unasema soma timu. Lakini timu zenyewe zinabadilika kila mara, kocha anafukuzwa, meneja mkuu anafukuzwa. Utasoma nini hapo? Angalau vipimo vya Indianapolis, kule vijana wanakopimwa kabla ya drafti, ni namba, haviongopi.

#5 – Mleta uzi

Mkuu wa Minneapolis, asante kwa kunichokoza. Nianze na timu, halafu nije Indianapolis.

Timu zinabadilika, ndiyo. Tabia ya anayeamua haibadiliki. Mfuate mtu, usifuate nembo.

Chukua mwaka 2022. Jacksonville Jaguars wana nafasi ya 1. Aidan Hutchinson wa Michigan anatoka kwenye msimu wa kuwaangusha makwotabeki mara 14, na ndiye aliyejaa kwenye utabiri wa watu kwa miezi. Travon Walker wa Georgia, kwa miaka yake yote 3 ya chuo, alikuwa na 9.5. Ukitazama takwimu, hakuna mjadala. Ila meneja mkuu wa Jaguars alikuwa Trent Baalke. Rudi nyuma uone alichofanya alipokuwa San Francisco 49ers: mwaka 2011 alianza na Aldon Smith, 2015 Arik Armstead, 2016 DeForest Buckner. Wote warefu, wana mikono mirefu, miili ambayo huikuti kirahisi. Sasa pima: mikono ya Walker ni inchi 35.5, karibu sentimita 90. Ya Hutchinson ni 32 na kidogo. Walker ana kilo 123 na amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.51. Baalke akamchukua Walker. Hutchinson akaenda wa 2, Detroit.

Sisemi Baalke alikuwa sahihi. Nasema alisomeka. Aliyemjua mtu huyo tangu San Francisco alikuwa na sababu ya kuandika Walker mapema, kabla odi za kubeti hazijageuka wiki ya mwisho.

Mwingine aliyekuwa kitabu wazi ni marehemu Al Davis, mmiliki wa Raiders. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kasi. Mwaka 2009 Michael Crabtree wa Texas Tech alikuwa mpokeaji (mdakaji wa pasi) aliyesifiwa kuliko wote, lakini mguu ulikuwa na tatizo na hakukimbia Indianapolis. Darrius Heyward-Bey alikimbia 4.30. Raiders, nafasi ya 7: Heyward-Bey. Crabtree akaenda wa 10 kwa jirani zao wa 49ers. Nchi nzima ilishangaa. Waliomfuatilia Davis kwa miaka hawakuwa na cha kushangaa.

Na Howie Roseman, meneja mkuu wa Philadelphia Eagles. Mwaka 2022 akachukua Jordan Davis na Nakobe Dean, 2023 akachukua Jalen Carter, Nolan Smith na Kelee Ringo. Wote watano Georgia. Mtu akiniuliza Eagles wataenda wapi, kabla sijafungua video yoyote nauliza Georgia mwaka huu ina nani kwenye safu ya ulinzi.

#6 – Mdau wa Mombasa

Shukran sana ndugu, haya ni madini. Lakini tabia nayo huvunjika. Green Bay Packers walikaa tangu 2002 walipomchukua Javon Walker bila kuchukua mpokeaji raundi ya kwanza. Miaka yote ya kwotabeki wao Aaron Rodgers watu wakilia wapewe mpokeaji, wakanyimwa. Halafu 2025, kwao wenyewe Green Bay, uwanja wa nyumbani, wakamchukua Matthew Golden wa 23. Nilikuwa macho usiku ule, zile kelele za mashabiki sitazisahau. Mtu aliyekuwa amefuata tabia yao angekosa.

#7 – Mleta uzi

Ndugu wa Mombasa, umegonga penyewe. Tabia ya miaka 20 ya klabu si tabia ya mtu aliyeko mezani leo. Javon Walker alichukuliwa enzi za Mike Sherman. Wakaja Ted Thompson, kisha Brian Gutekunst. Hayo ni mawazo ya watu watatu tofauti, na sisi mashabiki tukayashona kuwa tabia moja. Gutekunst mwenyewe alishachukua wapokeaji raundi ya pili, Christian Watson mwaka 2022 na Jayden Reed 2023, kwa hiyo chuki na wapokeaji hakuwa nayo.

Ndiyo maana narudia kwamba mtu ndiye wa kufuata. Takwimu ya aina ya "timu hii haijafanya hivi tangu mwaka fulani" inapendeza kwenye televisheni tu.

Sasa Indianapolis, maana mkuu wa Minneapolis anasubiri.

Kambi ya vipimo iko Indianapolis tangu 1987. Vijana zaidi ya 300 wanaitwa mwishoni mwa Februari. Kinachoonyeshwa ni mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu. Mwaka 2024 Xavier Worthy wa Texas alikimbia 4.21, rekodi. Aliivunja ya John Ross wa Washington, 4.22, ya mwaka 2017. Tuwatazame hao wawili. Ross alichukuliwa wa 9 na Cincinnati, na mambo hayakumwendea vizuri. Worthy, aliyekimbia kasi kuliko yeye, alichukuliwa wa 28 na Kansas City. Ungetumia saa peke yake kutabiri, Worthy angekuwa juu ya Ross. Lakini Worthy alikuwa na kilo 75 tu, na timu ziliiona hiyo namba pia.

Kwa hiyo namba haziongopi, mkuu, ila kila timu inazipa uzito wake. Mwaka 2022 kiganja cha Kenny Pickett kilipimwa inchi 8.5, kidogo sana kwa kwotabeki, na watu wakakisema kwa wiki nzima. Pittsburgh Steelers walimjua kijana huyo vizuri, maana Chuo Kikuu cha Pittsburgh na Steelers wanatumia uwanja mmoja na hata jengo moja la mazoezi. Wakamchukua wa 20. Kwotabeki pekee wa raundi ya kwanza mwaka ule. Malik Willis, ambaye wengi walimtabiria raundi ya kwanza, akaanguka hadi 86.

Ila yanayoamua zaidi Indianapolis hayako kwenye kamera. Ni vyumba viwili. Kimoja ni cha mahojiano: kila timu inaruhusiwa vijana 45, dakika 18 kila mmoja. Kijana anaingia, anawekewa video ya kosa lake mwenyewe, anaambiwa eleza hapa ulipaswa kufanya nini na nani alikosea. Wanaona anavyojibu, na kama anamsukumia mwenzake lawama. Kingine ni cha madaktari. Hapo kijana anavutwa goti, anapindwa bega, anapigwa picha, na madaktari wa timu mbalimbali wanamshika kwa zamu. Matokeo hayatangazwi.

#8 – Mdau wa Dodoma

Mkuu hapo kwa madaktari naomba mfano. Maana naona kila mwaka kuna mtu anaporomoka tu ghafla na hakuna anayeeleza kwa nini.

#9 – Mleta uzi

Mfano wangu ni Jaylon Smith wa Notre Dame. Januari 1 mwaka 2016, mechi yake ya mwisho ya chuo, goti likapinduka, mishipa ya goti ikakatika, na neva ya mguu ikaumia. Kabla ya hapo alikuwa anahesabiwa kati ya watano wa mwanzo. Neva si mfupa, hakuna daktari anayeweza kukuahidi itaamka lini au kama itaamka kabisa. Timu nyingi zikamfuta kwenye orodha zao.

Dallas Cowboys wakamchukua nafasi ya 34, mwanzo wa raundi ya pili. Kwa nini wao? Daktari aliyemfanyia upasuaji goti lile ndiye aliyekuwa daktari wa Cowboys. Wao walikuwa na mtu aliyeliona goti kwa ndani. Smith akakosa msimu mzima wa 2016, akacheza mechi zote 16 mwaka 2017, na mwaka 2019 akachaguliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi.

Ungelijuaje hilo ukiwa Dodoma au Dar? Jina la daktari liliandikwa kwenye habari kabla ya drafti. Habari ilikuwa wazi, ila haikuwa kwenye ukurasa wa wachambuzi wa vipaji. Hii ndiyo kazi ninayosema tuifanye.

Mwaka 2025 Will Johnson, beki wa pembeni wa Michigan, akaporomoka hadi 47 kwa Arizona, na goti likawa ndilo linalotajwa. Ukisikia jina kubwa kimya wiki ya mwisho, na hakuna timu inayohusishwa naye, fikiria madaktari kwanza.

#10 – Mdau wa Kahama

Wakuu mimi niseme ukweli nimekuja kwa ajili ya mkeka. Kampuni za kubeti sasa zinaweka drafti. Si rahisi tu kufuata odi? Odi zikishuka ina maana kuna mtu anajua kitu.

#11 – Mleta uzi

Mkuu wa Kahama, hapa nakuomba unisikilize vizuri, maana hili linaumiza watu.

Mwaka 2023 Carolina Panthers walikuwa na nafasi ya 1. Walipanda kutoka ya 9 kwa kuwapa Chicago Bears nafasi kadhaa pamoja na mpokeaji wao DJ Moore. Bryce Young wa Alabama ndiye aliyetajwa na wengi. Siku chache kabla, mtu asiyejulikana akaandika Reddit kwamba Will Levis wa Kentucky anawaambia jamaa zake Panthers watamchukua yeye. Mstari huo tu. Watu wakakimbilia kuweka hela, odi za Levis zikashuka kwa kasi, na zilivyoshuka wengine wakasema kama wewe: kuna mtu anajua kitu. Wakaongeza hela.

Young akachukuliwa wa 1. Levis akakaa ukumbini Kansas City usiku mzima, kamera zikimrudia, hakuitwa. Kesho yake Tennessee wakamchukua wa 33. Mikeka ilichanika mingi sana.

Drafti haifanani na mechi. Kwenye mechi hakuna anayejua matokeo. Kwenye drafti, hasa nafasi za mwanzo, kuna watu wachache wanaojua na wengine wote hawajui. Soko la namna hiyo linasogezwa na hela kidogo na uvumi mdogo. Odi zikishuka wakati mmoja na habari za waandishi wanaoaminika kutoka mji wa timu husika, sawa, zipe uzito, kama ilivyokuwa kwa Walker mwaka 2022. Zikishuka kwa sababu ya mtu asiye na jina, ziache. Na hela ya kodi ya nyumba usiilete huku kabisa.

Tena Aprili ni mwezi wa uongo wa makusudi. Timu inayotaka kwotabeki itavujisha kwamba inampenda beki. Wakala wa mchezaji atavujisha kwamba timu 10 zimempigia simu. Mwaka 2018 Cleveland walikaa na siri ya Baker Mayfield hadi karibu na siku yenyewe, huku Sam Darnold na Josh Allen wakitajwa kila kona. Mwaka 2017 Kansas City walipanda kutoka 27 hadi 10 kumchukua Patrick Mahomes wakati Alex Smith ndiye kwotabeki wao na timu ilikuwa inashinda.

#12 – Mdau wa Lubumbashi

Bandugu, nawasalimu. Kuna Mkongo alisha kuwa juu kwenye hii drafti? Na watu wa kwetu wasiopita vyuo vya Marekani, wanatabiriwaje?

#13 – Mleta uzi

Ndugu wa Lubumbashi, yuko. Tshimanga Biakabutuka, maarufu Tim, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Quebec. Alikuwa mkimbiaji (anayekimbia na mpira) wa Michigan, na Carolina Panthers walimchukua wa 8 mwaka 1996. Nafasi ya 8 kwa mkimbiaji ni heshima kubwa, siku hizi hupewa wachache.

Kwa asiyepita chuo, utabiri unageuka kabisa maana hakuna video za chuo. Daniel Adongo wa Kenya alitoka kwenye raga, Indianapolis Colts wakamsajili 2013 bila kupitia drafti, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Jordan Mailata wa Australia naye alitoka raga. Eagles wakamchukua raundi ya 7 mwaka 2018, nafasi ya 233. Hakuwahi kucheza mechi hata moja ya huu mpira. Leo ni kati ya walinzi bora wa kwotabeki kwenye ligi. Aliyemfundisha ni Jeff Stoutland, kocha wa mstari wa mbele. Kama unatabiri atakwenda wapi kijana mbichi mwenye mwili wa ajabu, tafuta timu yenye kocha mwenye subira ya kufundisha. Hapo narudi kilekile: timu kabla ya mchezaji.

#14 – Mdau aliyeko Minneapolis

Nimekusoma na madaktari umenishawishi. Lakini kuna kitu hukugusa: pesa. Kuna utafiti wa Cade Massey na Richard Thaler, yule mwenye Nobel ya uchumi. Walionyesha kwamba timu zinalipia mno nafasi za juu. Ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja uwanjani waliochaguliwa wakifuatana, uwezekano wa aliyetangulia kuwa bora kuliko anayemfuata ni kama asilimia 52. Karibu na kurusha shilingi. Sasa kama timu zenyewe hazijui, sisi tunatabiri nini?

#15 – Mleta uzi

Mkuu, hiyo asilimia 52 ni silaha yangu. Inahusu nani atakuwa mzuri baadaye, na huko timu zinapapasa kweli. Tom Brady wa 199 mwaka 2000, Brock Purdy wa 262 mwaka 2022, mtu wa mwisho kabisa wa drafti ile. Sisi hatutabiri hayo. Tunatabiri watu watakavyoamua, na watu wenye hofu ya kufukuzwa kazi huamua kwa namna inayosomeka kuliko kipaji.

Na pesa umefanya vizuri kuileta. Mwaka 2010 Sam Bradford, wa kwanza, alihakikishiwa dola milioni 50. Makubaliano mapya ya 2011 kati ya ligi na wachezaji yakaweka ukomo wa mishahara ya wageni, yaani wachezaji wapya wa ligi. Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, alipata kama milioni 22 kwa miaka 4 yote. Tazama kilichofuata. Mwaka huohuo wa 2011 makwotabeki wanne walikwenda ndani ya nafasi 12 za mwanzo. Mwaka 2024 walikwenda sita ndani ya 12. Kukosea kwotabeki kumekuwa rahisi kubeba, na kumpata mmoja mzuri kwa bei ya mgeni ni utajiri. Kwa hiyo ukiandika orodha yako, makwotabeki wasogeze juu kuliko unavyowaamini. Wakimbiaji na mabeki wa nyuma washushe. Kyle Hamilton wa Notre Dame alikuwa kati ya vipaji vikubwa vya 2022, lakini ni beki wa nyuma, akashuka hadi 14 kwa Baltimore.

Hata timu yenye kwotabeki isikudanganye. Machi 2024 Atlanta Falcons walimsajili Kirk Cousins kwa mkataba wa hadi dola milioni 180. Aprili, nafasi ya 8, wakamchukua Michael Penix Jr. Wakala wa Cousins alisema waliambiwa wakati saa ya Falcons tayari inahesabu. Niliirudia video ya mezani kwa ESPN pale jina liliposomwa, wote wamepigwa na butwaa. Ukiangalia umri wa Cousins, 35, anatoka kuuguza kano ya kisigino, dalili ilikuwepo.

#16 – Mdau wa Arusha

Mkuu tupe sasa unavyokaa chini kuandika. Maana Alhamisi yenyewe huku inakuwa Ijumaa saa 9 usiku, nataka niwe na karatasi yangu tayari.

#17 – Mleta uzi

Siandiki majina kwanza. Naandika timu 32 kwa mpangilio, na pembeni ya kila moja jina la anayeamua na kama kazi yake iko salama. Anayekaribia kufukuzwa hachukui kijana wa kusubiri miaka miwili. Kisha mikataba: nani anamaliza mwaka huu, nani anamaliza mwakani. Ya mwakani ina uzito kuliko watu wanavyodhani, maana timu nyingi huchukua mrithi mwaka mmoja kabla. Halafu nani kocha mpya na anacheza mfumo gani. Wachezaji wanaingia mwisho kabisa, na nawatoa kwenye orodha ya pamoja iliyojumlisha wachambuzi wengi, siitegemei ya mmoja.

Nafasi kama 10 za mwanzo naandika mchezaji na timu. Kuanzia hapo natazama zaidi kama mchezaji ataingia raundi ya kwanza au la, maana biashara moja ya kubadilishana nafasi inavuruga kila kitu. Mwaka 2025 karibu kila mtu alimwandika Travis Hunter kwa Cleveland, nafasi ya 2. Jaguars wakapanda kutoka ya 5, wakatoa pamoja na mengine nafasi yao ya raundi ya kwanza ya 2026, wakamchukua. Ukishakosa hapo, ya 5 nayo umekosa.

Katika kujipima, natoa pointi 1 kwa kila mchezaji niliyemweka raundi ya kwanza na akaingia, na 2 zaidi akienda timu niliyoandika. Hizo za timu huwa chache hata kwa wachambuzi wanaolipwa.

Na usilale mapema ukidhani mwisho wa raundi ya kwanza hauna jambo. Mchezaji wa raundi ya kwanza ana mkataba wa miaka 4 na timu ina haki ya kuongeza wa 5. Wa raundi ya pili hana huo wa 5. Kwa kwotabeki mwaka mmoja wa ziada ni mali. Ndiyo sababu Minnesota walirudi kwenye nafasi ya 32 mwaka 2014 kumchukua Teddy Bridgewater, Baltimore wakafanya hivyohivyo 2018 kwa Lamar Jackson, nafasi ileile ya 32, na Giants 2025 wakapanda hadi 25 kwa Jaxson Dart. Kwa hiyo zikifika nafasi za 24 hadi 32 na kuna kwotabeki bado ameketi, angalia timu zenye nafasi za mwanzo wa raundi ya pili, kuanzia 33 hadi kama 40, ambazo hazijapata kwotabeki. Mmoja wao ana uwezekano mkubwa wa kupiga simu. Mimi huwa naandika biashara moja ya namna hiyo kila mwaka, na jina la timu naliweka kutokana na meneja mkuu aliyeko pale, kama ni mtu wa kupanda au mtu wa kukaa.

Wenye orodha zao ziwekeni hapa chini, tuzipitie timu kwa timu.